Ukuta Uliokauka Upesi

Ilikuwa Jumamosi, tarehe tisa, mwezi wa tatu, mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa, siku ambayo kaka yangu mkubwa alikuwa amepanga kuja kuitazama nyumba ya mawe na kutoa neno lake. Nilifika mapema kuliko kawaida. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linaingia kwenye madirisha yasiyo na mbao, likajilaza sakafuni kama kitambaa cha rangi ya asali, na vumbi la chokaa lilielea ndani yake, likipanda na kushuka taratibu, utadhani nyumba nzima inapumua usingizini. Nilisimama katikati ya sebule nimeshika ufagio, nikasahau kufagia.

"Mwalimu, umeanza kuota tena?"

Hiyo ilikuwa sauti ya Seremala. Watu wote walimwita hivyo, hata wale ambao hawakuwahi kununua kwake kigoda. Mimi pia niliendelea kumwita hivyo baada ya kumpenda, kwa maana jina hilo lilimkaa vizuri. Yeye aliniita Mwalimu, ingawa mimi ni mshonaji wa nguo, tena nilijifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na sita, katika darasa la watu wazima. Aliniita hivyo kwa sababu katika nyumba ile yeye alikoroga chokaa, nami nilisoma maelekezo.

"Sioti," nikamjibu. "Nafagia."

"Kwa macho?"

Nilicheka, naye akasimama mlangoni akinitazama. Alikuwa na namna yake ya kutazama, kana kwamba anapima kitu ambacho hana nia ya kukikata. Nikainamisha uso na kuanza kufagia palipokuwa pameshafagiliwa.

Nyumba hiyo ilikuwa ya shamba, ya mawe matupu, aliyoachiwa Seremala na mjomba wake. Ilikaa bila mtu zaidi ya miaka ishirini. Tulipoikuta, paa lilikuwa limeanguka upande mmoja, mbuzi walikuwa wamejifanyia zizi katika chumba cha chini, na ndege walikuwa wameliziba bomba la moshi la jikoni kwa viota. Seremala angeweza kuita mafundi wa mawe, au kuikarabati peke yake. Alikataa yote mawili.

"Sitaki kukukaribisha kwangu," aliniambia siku ile ya kwanza. "Nataka siku ya kuingia, tuwe tunaingia kwetu."

Basi kwa muda wa miezi kumi na mmoja, kila Jumamosi na kila Jumapili, tulifanya kazi wawili. Ukuta wa kaskazini ulikuwa umevimba kama shavu lenye jino bovu. Tuliubomoa jiwe kwa jiwe, nikiandika namba kwa mkaa juu ya kila moja, ili tuyarudishe yote mahali pake. Namba ya mwisho ilikuwa mia mbili na sita. Mikono yangu iliyozoea sindano ilijifunza kubeba karai la mchanga, na jioni, nikirudi kwenye cherehani yangu, niliipenda zaidi mikono hiyo kwa sugu zake mpya.

Kuta za zamani kama zile hazitaki saruji. Zilijengwa kwa chokaa, na saruji huzifungia unyevu ndani zikaoza. Kwa hiyo muuza vifaa vya ujenzi alitupa kijitabu cha kurasa arobaini kilichoeleza kazi yote ya chokaa. Hicho ndicho kitabu changu cha kwanza ambacho hakikuwa cha darasani. Nilikisoma kwa sauti, nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kidole changu kikitambaa chini ya mstari, na Seremala akikoroga na kusubiri. Nilipokwama kwenye neno, alikoroga polepole zaidi. Hakunisaidia hata mara moja bila kuombwa, na kwa hilo nilimshukuru moyoni.

Wiki tatu kabla ya siku hii ninayoisimulia, tulipiga lipu ukuta mkubwa wa sebule, ule unaotazamana na madirisha. Ulikauka mweupe, laini kama yai. Nilikuwa nikipita mbele yake naugusa kwa kiganja, nikijiona nimeketi pale na chai yangu, nikiwa mke wa mtu.

Saa nne asubuhi wakaja.

Aliyetangulia ni binti yangu, ambaye ni muuguzi, na hutembea popote kana kwamba kuna mgonjwa anayemsubiri mwisho wa njia. Nyuma yake alikuja kaka yangu na mwavuli wake, akiwa amevaa suti. Kaka yangu aliuza viatu maisha yake yote, lakini ukoo mzima humwita Hakimu, kwa sababu hakuna jambo analoliacha lipite bila kulitolea hukumu, hata namna mtu anavyokata mkate.

"Karibuni sana," akasema Seremala, akifuta mikono.

"Tumekaribia," akasema Hakimu. "Karibu zaidi ya hapa itategemea."

Tukawatembeza. Tuliwaonyesha jiko, ngazi, na ghala tulilolifanya kuwa chumba cha kushonea. Seremala alieleza kwa adabu, nami nilijaza maneno pale alipoyapunguza. Binti yangu alisubiri mpaka tulipofika dirishani juu, akanivuta pembeni.

"Mama, kwangu chumba chako kipo tayari. Nimekwambia tangu mwaka jana."

"Najua, mwanangu."

"Kina taa. Kina kuta zinazosimama zenyewe."

"Hizi nazo zinasimama."

"Zinasimama kwa sababu mnazishikilia! Umri huu, mama, unabeba mawe? Watu wananiuliza: mama yako yuko wapi? Niwajibu nini? Yuko shambani anakoroga tope na mchumba?"

"Wajibu hivyo hivyo. Ni kweli."

Akanikazia macho yake, ambayo ni ya marehemu baba yake, mapole na makaidi kwa pamoja. "Nataka nikutunze," akasema kwa sauti ya chini. "Ni kosa?"

Nilimshika mkono tukashuka.

Sebuleni Hakimu alikuwa amekwisha simama mbele ya ukuta mkubwa, tayari kutoa hotuba. "Dada, mimi si mtu wa maneno mengi," akaanza, nasi sote tukatafuta mahali pa kukaa. "Barua ya posa imekaa kwangu miezi miwili. Huyu bwana sina ubaya naye. Lakini mwanamke akishaumizwa na ndoa ya kwanza, kaka yake hana ruhusa ya kukosea ndoa ya pili. Nilisema sitajibu mpaka nione ambapo dada yangu ataweka kichwa chake. Leo nikitoka hapa nitakuwa nimejibu. Ikiwa ni hapana, atakwenda kwa binti yake, na maneno yataishia hapo. Sasa niambieni, ukuta huu, kwa mfano, mmeujenga imara?"

Akaugonga kwa mpini wa mwavuli.

Ulitoka mlio mtupu, kama wa debe. Kisha mstari mwembamba ukapita juu ya lipu, ukapinda, ukashuka. Kipande kikubwa kama shuka kikaachana na mawe, kikasimama hewani kwa kitambo cha kufumba jicho, kikaanguka. Vumbi lilijaa chumba. Lilipotulia, Hakimu alikuwa mweupe kuanzia utosini hadi kwenye viatu, mwavuli ukiwa bado umenyooshwa.

"Mjomba," akasema binti yangu, "umezeeka ghafla."

Hakuna aliyecheka. Nyuma ya lipu iliyoanguka mawe yalikuwa makavu, meusi, bila hata alama ya chokaa. Lipu haikuwahi kuyashika.

"Ukuta umejibu kabla yangu," akasema Hakimu, akijipangusa. "Hapa ndipo mnataka dada yangu alale?"

"Tulifuata kitabu," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto. "Tulifuata kila neno. Nilisoma mwenyewe."

Binti yangu alikichukua kijitabu kutoka dirishani. Alikifunua haraka, jinsi watu waliosoma tangu utotoni wanavyofunua vitabu, na ghafla akatulia. Akaingiza ukucha kati ya karatasi mbili. Tone la chokaa lilikuwa limedondoka pembeni na kuzigandanisha zikawa kama karatasi moja. Alizibandua kwa uangalifu, kama anavyobandua plasta kwenye kidonda.

"Mama," akasema taratibu. "Hizi hukuzisoma. Ukurasa wa kumi na sita na wa kumi na saba. Zinaeleza mambo ya kufanya baada ya kupiga lipu."

Nilimtazama Seremala nikitafuta mtu wa kuona aibu pamoja naye, na hapo ndipo nilipoona. Hakuwa ameshangaa. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa.

"Ulijua," nikasema.

Aliokota kipande cha lipu sakafuni, akakigeuza.

"Seremala. Ulijua kwamba nimeruka?"

"Nilijua."

Nikatoka. Nilipanda ngazi hadi chumba cha juu, kile tulichokuwa tumekubaliana kwamba kitakuwa chetu. Hakikuwa na dari bado, kwa hiyo mbingu yote ilikuwa ndani, na mawingu madogo yalipita juu ya kichwa changu bila haraka. Nyasi ndefu za shamba zilikuwa zikilala na kuinuka kwa upepo. Asubuhi hiyo hiyo ningeweza kusimama hapo saa nzima nikiwa na furaha. Nilisikia hatua zake ngazini, moja baada ya nyingine, mtu asiyejua kama anaruhusiwa kufika.

"Naweza kuingia?"

"Nyumba ni yako."

Maneno hayo yalimpata. Aliishia kizingitini.

"Sema," nikamwambia. "Ulionaje?"

"Nilikuwa nyuma yako, nikikoroga huku nikitazama picha ya mwiko wa kupigia lipu. Ukurasa uliomaliza ulikuwa wa kumi na tano, na uliofunua ulikuwa wa kumi na nane. Nimepima mbao miaka thelathini, Mwalimu. Siwezi kutoziona namba."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

Upepo ulimpeperushia vumbi jeupe usoni naye hakulifuta.

"Ulikuwa umeondoa kidole," akasema.

"Nini?"

"Miezi yote hiyo ulisoma umeweka kidole chini ya mstari. Siku ile, mwanzo wa ukurasa ule, uliinua mkono ukaweka nywele sawa, na hukuurudisha. Ukasoma ukurasa mzima bila kidole. Sauti yako haikukwama hata mara moja. Ilikuwa..." Akatafuta neno, akalikosa. "Niliacha kukoroga, hukuona. Nikajiuliza, kurasa mbili zitakuwa zimesema nini cha maana? Nikaona kama nikikukatiza nitakuwa nimevunja kitu. Ukuta nikiuvunja najua kuujenga. Hicho kingine sikujua."

Nikiri mbele yako, msomaji, kwamba moyo wangu uliyeyuka. Uliyeyuka wote, na hapo ndipo nilipozidi kukasirika, kwa maana nilikuwa nimekwisha kuyeyushwa hivyo zamani.

"Marehemu baba yake binti yangu alikuwa mtu mpole," nikamwambia. "Hakuwahi kuninyanyulia mkono wala sauti. Barua zangu zote alinisomea yeye. Mwaka niliokuwa na mimba ya huyu uliyemwona hapo chini, ilikuja barua kutoka kwa kaka: mama mgonjwa, njoo. Aliisoma kimya mbele yangu. Akaikunja vizuri, akaniambia, wote hawajambo, wanakusalimu. Hakutaka nisafiri nikiwa mzito. Alinihurumia. Nilifika siku tisa baada ya mazishi."

Seremala alifumba macho.

"Miaka kumi na minane baadaye naye akafariki," nikaendelea. "Nilimlia, na nilikuwa bado sijamsamehe. Ndiyo sababu nilikwenda darasani. Watu walidhani nataka kusoma magazeti. Nilitaka tu asitokee tena mtu wa kukaa kati yangu na karatasi. Na wewe umekaa hapo hapo. Umekaa kwa upendo, najua, lakini mahali ni pale pale."

"Hukuwahi kuniambia."

"Nimekwambia sasa."

Alikaa chini, mgongo ukiegemea mawe, mikono yake mikubwa ikiwa imelegea juu ya magoti. Hakuomba msamaha kwa maneno matamu. Kama angefanya hivyo, nadhani ningeshuka na kuondoka na binti yangu.

"Nifanye nini?" akauliza.

"Sijui."

"Nikikukosoa, nitakukosoa vibaya. Mimi si mtu wa maneno. Utaumia."

"Basi niumie. Kuumia nakujua. Nisichoweza tena ni kuwa mtu wa mwisho kujua."

Wingu lilipita, chumba kikawa na kivuli, kisha kikawa na mwanga. Chini nilimsikia Hakimu akipiga chafya ya tatu na binti yangu akimwambia, "Afya, mjomba."

"Twende chini," nikasema. "Tukasome nilichokiruka."

Niliketi juu ya ndoo. Binti yangu alinikabidhi kijitabu. Hakimu alisimama na suti yake iliyokuwa nyeupe kwa vumbi, na Seremala akasimama nyuma ya bega langu, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Nilianza.

"'Lipu ya chokaa haitaki haraka,'" nikasoma. "'Baada ya kuipiga, tundika magunia mabichi mbele yake, na uyaloweshe asubuhi na jioni kwa muda wa siku saba.'"

Nilikuwa nimerudisha kidole. Lakini macho yangu yalikuwa yamejaa, herufi zikaogelea, na kidole kiliteremka peke yake.

"'Ikikauka upesi itaonekana nzima, lakini...'"

Pumzi nyuma yangu ilikatika. Nilisikia viatu vyake vikisogea, na kimya cha mtu aliyesimama ukingoni.

"Hapana," akasema Seremala.

Sauti ilitoka kavu, kubwa kuliko alivyokusudia. Binti yangu aliinua kichwa.

"Umeruka mstari," akasema. "Kuna mstari kabla ya huo. Rudi."

"Wewe bwana!" Hakimu aligeuka, mwavuli juu. "Posa sijaijibu, umeshaanza kumkatiza dada yangu mbele yangu? Anasoma vizuri, anasoma kwa juhudi, tena analia, nawe unamwambia rudi? Hujui hata kumvumilia kidogo?"

"Mwache anikatize, kaka," nikasema.

"Dada..."

"Mwache. Huyu ndiye ninayemtaka. Mjibu hivyo. Au nitamjibu mwenyewe, kwa maandishi."

Hakimu alinitazama kwa muda mrefu. Sijui aliona nini. Labda alikumbuka barua aliyoiandika kwa mkono wake mwaka ule ambao sikufika. Mwavuli ulishuka polepole hadi ncha ikagusa sakafu.

"Soma huo mstari," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Nikarudi juu kwa kidole, nikaupata. "'Ilinde na jua na upepo,'" nikasoma. "'Ikikauka upesi itaonekana nzima, lakini nyuma yake itakuwa haijashikana na jiwe.'"

"Hapo sawa," akasema Seremala. Aliweka mkono wake juu ya bega langu, nami nikauacha hapo.

Hakimu alivua koti, akalikung'uta likafuka moshi mweupe, akalitundika kwenye msumari. "Posa nimeikubali," akatangaza. "Ukuta siukubali. Shemeji, nipe kitu cha kubomolea. Na tafadhali, kisiwe mwavuli wangu."

Binti yangu alikuwa ameegemea mlango, mikono imekunjwa. Nilimwendea.

"Umekasirika?"

"Chumba chako hakiendi popote, mama," akasema. "Siwezi kusema nimefurahi. Nikisema nitakuwa nakudanganya."

"Asante," nikamwambia, na nilimaanisha kuliko nilivyowahi kumaanisha neno hilo. Akanikumbatia upesi upesi, akaenda kutafuta magunia.

Tulibomoa kwa tindo na nyundo mpaka jua likahamia upande wa pili wa nyumba. Lipu ilitoka vipande vipande, bila ugumu, na kila kipande kilipoanguka mawe yalionekana yakiwa vile yalivyokuwa siku zote, yakisubiri kushikwa vizuri. Saa fulani Seremala alisimama kando yangu, nyusi zake nyeupe kama za babu.

"Una chokaa puani," akaniambia. "Tena umeshika tindo kinyume."

Nikaligeuza. Sijawahi kuambiwa neno la mapenzi lililonifika kama hilo.

Nawe uliyefika mpaka mstari huu, usiyafiche maneno haya kabatini. Mpe aliye jirani nawe ayasome, naye ampe mwingine. Na ikiwa huyo hajui kusoma, keti naye, umsomee kwa sauti, yote kama yalivyo, wala usimpunguzie chochote kwa kumhurumia.